Kiatu cha Bei Gani?

Leo tunazungumzia viatu.

Kwa mtoto wa darasa la pili, mzazi usijikamue: mguu wake utakua kabla soli haijaisha. Lakini wewe unayekwenda kazini kwa miguu kila siku, hebu piga hesabu. Tuseme kiatu cha shilingi 15,000 kinakufa baada ya miezi 3. Kwa mwaka na nusu utanunua jozi 6, yaani 90,000. Cha ngozi cha 45,000, ukimlipa fundi 10,000 abadilishe soli, kinaweza kuvuka muda huohuo kwa 55,000.

Sharti lake ni kwamba kiwe kinatengenezeka, na bei kubwa peke yake haithibitishi hilo. Kigeuze, kagua ukingo wa soli. Vuta uzi kidogo kwa ukucha: mshono wa kweli umepenya soli, na fundi anaweza kuufumua akashona upya. Viatu vingi vimechorewa mshono wa pambo tu, kumbe ni gundi tupu! Kisha kunja sehemu ya vidole. Ngozi halisi hutoa mikunjo midogo midogo. Ya bandia mara nyingi hujikunja mstari mmoja, na hapo ndipo itakapobambuka.

Wapenzi wa mtumba pale soko la Karume, Dar es Salaam, bonyezeni soli kabla ya kulipa. Zile za povu la poliyurethani, zikikaa stoo miaka mingi, huliwa na unyevu zikamong'onyoka hata bila kuvaliwa.

Na kiatu kikilowa, usikianike juani. Kijaze magazeti, kikauke kivulini.