Iliki na Kivuli Chake

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za viungo vinavyomea katika nchi ya Tanga, na hasa habari za iliki. Aliye na kikombe cha chai mkononi asikiweke chini. Na anywe huku akisikiliza, maana maneno yangu yaanzia ndani ya kikombe hicho.

Ukiwa u mkaaji wa mji wa Tanga, maji ya chai yako yametoka katika mto Zigi. Mto huo hukusanya maji yake katika misitu ya milima ya Usambara ya Mashariki, kisha hushuka mpaka bwawa la Mabayani, na huko ndiko mji hupata maji yake. Na iliki iliyotiwa katika chai hiyo, yawezekana sana kuwa imetoka katika milima hiyo hiyo, juu ya Muheza. Basi maji na iliki ni ndugu wa mlima mmoja. Lakini ndugu hawa wamegombana kwa miaka mingi, na yafaa tujue sababu ya ugomvi wao na namna ya kuwapatanisha.

Kwanza tuutazame mmea wenyewe. Asili ya iliki ni misitu ya milima ya kusini mwa Bara Hindi. Ni jamaa ya tangawizi na manjano, ila mashina yake hurefuka kupita kimo cha mtu, na maua yake hayatoki juu bali hutambaa chini karibu na ardhi, na nyuki ndio wayazalishao. Hupandwa kwa kuligawanya shina kubwa, na huanza kuzaa katika mwaka wa tatu. Hutaka mvua nyingi, udongo wenye majani yaliyooza, na zaidi ya yote, kivuli. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Lakini mwenye iliki hana jua la kuchumia. Kazi yake yote i kivulini, na kivuli kikiondoka, riziki yake huondoka nacho.

Sasa sikilizeni ugomvi ulivyoanza. Huko Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha kujaribu mimea mwaka 1902, na katika vijiji vilivyo kando yake, wakulima waliona kuwa msitu ni kivuli kilicho tayari. Wakafyeka vichaka vya chini, wakapunguza miti mikubwa, wakapanda iliki. Miaka ya kwanza mavuno yalikuwa mema, na fedha yake ilijenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini udongo ule haukurudishiwa kitu. Baada ya miaka michache iliki ilipungua, na mkulima akaikata miti iliyobaki, akapanda mihogo, ndizi au miwa, kisha akaenda kufyeka mahali pengine. Hivyo msitu ukaliwa kidogo kidogo, kama mkate mbele ya watoto.

Mwaka 1997 Serikali iliweka Hifadhi ya Mazingira ya Amani, ili msitu na chemchemi zake zipate kulindwa. Na katika miaka ya 2000 mashamba ya iliki ya msitu wa Derema yalifungwa. Wenyewe walilipwa fidia ya mimea yao, lakini wengi wao walinung'unika kuwa fidia haikulingana na mapato waliyoyakosa. Wala si haki kuwacheka. Mtu aliyenyang'anywa shamba la iliki amenyang'anywa karo, dawa na nguo za sikukuu. Basi haitoshi kumwambia mkulima, usiguse msitu. Ni lazima aonyeshwe pa kupata riziki yake.

Njia ipo. Mkulima na alete kivuli shambani kwake mwenyewe, badala ya kukifuata msituni. Na apande migrivilea au miti mingine isiyonyonya shamba, kwa nafasi, na chini yake apande iliki. Kwenye vigogo vya miti hiyo apandishe mpilipili manga, ambao ni mtambaazi na hutaka mahali pa kujishika. Pembeni na apande mdalasini, ambao ukikatwa karibu na ardhi huchipua tena, na mikarafuu michache. Kila mwaka autie udongo samadi, na majani yanayoanguka asiyachome moto, bali ayatandaze juu ya mizizi. Shamba la namna hiyo lina mavuno mbalimbali. Bei ya kimoja ikianguka, vingine humshika mkono.

Tena kuna jambo la kuchuma. Wengine huchuma iliki ingali changa, ama kwa kuogopa mwivi, ama kwa haja ya fedha. Hiyo ni hasara. Iliki iliyokomaa, kilo nne au tano mbichi hutoa kilo moja kavu. Lakini changa husinyaa, na mnunuzi huitupa kando. Ichumwe ikiwa imejaa, nayo ingali kijani, kabla haijapasuka. Isianikwe penye moshi, maana hushika harufu, na harufu hiyo haitoki tena. Pilipili manga nayo ichumwe punje moja mbili za kishada zinapoanza kuwa nyekundu, ianikwe juu ya jamvi safi, wala si juu ya ardhi tupu.

Nanyi mlio pwani, Pangani au Mkinga, ambako iliki haisitawi, msione kuwa maneno haya hayawahusu. Karibu na mahali pa kuogea, maji yanapomwagika, pandeni mchaichai na mrehani. Chini ya mwembe pandeni tangawizi na manjano. Tangawizi katika maji ya moto humfaa mwenye kichefuchefu, na karafuu hutuliza jino linaloumia mpaka mgonjwa afike kwa mganga wa meno. Lakini angalieni sana: mtoto mwenye homa asikawilizwe nyumbani kwa majani wala mizizi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapimwe malaria. Kiungo ni msaidizi wa jikoni. Asipewe kazi ya daktari.

Wasikilizaji wangu, chai yenu sasa yapoa. Mtakapoimaliza, kumbukeni kuwa mti mmoja ulioachwa usimame huko Usambara umewatumikia watu wawili: mkulima aliyeuhifadhi kwa ajili ya iliki yake, na mtu wa mjini afunguaye bomba asubuhi akaona maji yatoka. Wawili hao hawajuani, lakini hunywa kikombe kimoja.

Kwaherini.