Kijana, Uliza Habari za Shamba Wazee Wangali Hai



Vijana wengi wa Taita Taveta walio kati ya miaka 20 na 30 huishi mahali pawili. Siku za kazi kijana yuko Voi, katika chumba cha kupanga Sofia au Mwakingali, akiendesha bodaboda, akihudumia wageni hotelini, akiuza mitumba au akisoma. Mwisho wa mwezi, au kukiwa na mazishi, hupanda matatu hadi Mwatate na kukwea milima kwenda Wundanyi, Werugha au Mghange. Nyumbani humkuta mama amepika kimanga na baba amekonda kuliko mara iliyopita. Watazungumza habari za karo, mvua na majirani. Habari za shamba, nani mwenyewe kwa mujibu wa hati, hazitaguswa.

Kuuliza huonekana utovu wa adabu. Mwana akitaja shamba huambiwa anamwombea mzazi kifo. Binti akitaja huambiwa atalikuta kwa mumewe. Basi kijana hunyamaza na kuendelea kutuma pesa kwa M-Pesa. Hununua mabati, huchimba tangi la maji, hujenga jiko la mama, yote juu ya ardhi ambayo mara nyingi bado iko kwa jina la babu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa.

Katika kaunti hii kimya hicho ni ghali. Takriban asilimia 62 ya eneo lake ni mbuga za Tsavo, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni ranchi na mashamba ya mkonge. Milimani, kwenye mvua ya kutosha, vipande ni vidogo. Tena familia za kale hazikuweka kila kitu mahali pamoja: kipande juu kwa mboga, kingine katikati kwa mahindi na maharagwe, kingine chini karibu na nyika. Ulikuwa mpango wa busara, maana mvua ikikosekana chini, juu huvunwa kitu. Lakini kwa mrithi anayeishi mjini, kipande cha mbali husahaulika upesi. Pengine anayejua mti wa mpaka ni nyanya peke yake, naye ana miaka 84.

Sheria ya Urithi ilianza kutumika Julai 1, 1981, na haimbagui binti, awe ameolewa au hajaolewa. Katiba ya 2010 nayo inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mila zinazohusu ardhi. Waislamu hufuata sheria ya Kiislamu na huweza kwenda kwa Kadhi. Kwa wengine, mzazi akifariki bila wosia na bila mwenzi aliye hai, watoto hugawana sawa. Mjane naye ana haki ya kuitumia mali hiyo maishani mwake. Watoto hawamhamishi ili wauze.

Wazee wengi hudhani wamekwisha kumaliza jambo hili kwa sababu waliwahi kusema, "Kule chini ni kwa fulani." Wosia wa mdomo una masharti magumu. Lazima usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji awe amefariki ndani ya miezi 3 tangu auseme. Maneno ya Krismasi ya miaka 5 iliyopita hayatasimama mahakamani. Wosia wa maandishi hudumu, mradi mashahidi wawili wautie sahihi, na ni afadhali wasiwe warithi.

Chukua mfano wa familia ya watoto wanne. Wa kwanza yuko Mombasa, wa pili ameolewa Taveta, wa tatu ana miaka 26 na anafanya kazi Voi. Kitinda mimba ana miaka 22. Amebaki nyumbani na mama. Baba anafariki. Ndugu wa Mombasa anakwenda kwa chifu kuomba barua ya kutambulisha warithi, na jina la dada wa Taveta linaachwa. Kesi inapita, hati ya usimamizi inatolewa, kipande cha chini kinauzwa. Dada akigundua, anaweza kuiomba mahakama ibatilishe hati hiyo kwa sababu ukweli ulifichwa. Hapo mnunuzi, mama na ndugu wote wamo kesini, na nauli za kwenda Voi zinamaliza hata pesa zilizopatikana kwa kuuza.

Katika familia hiyo, anayeumia kimyakimya ni yule wa miaka 22. Wenzake wana ujumbe wa M-Pesa wa kuonyesha walichotuma. Yeye amechota maji, amempeleka mama zahanati, amefukuza nyani kwenye mahindi, na hana risiti hata moja. Mazungumzo ya shamba yakifanyika baba angali hai, hayo husemwa mbele ya wote. Baada ya mazishi, huwa ni neno lake dhidi ya wakubwa wake.

Namna ya kuanza ni muhimu kuliko ujasiri. Kijana asianze na mgawo. Aanze na historia: babu alilipataje shamba hili, jirani wa upande wa juu ni ukoo gani, hati iko wapi na ina jina la nani. Wazee hupenda kusimulia, na jibu la mgawo mara nyingi hujitokeza lenyewe. Mzazi naye asiisikie sauti ya kifo katika swali hilo.

Kama hati bado ni ya marehemu, kinachotakiwa ni cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na matokeo ya upekuzi rasmi kutoka ofisi ya ardhi. Ombi hupelekwa mahakamani, kisha hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Hati ya usimamizi ikitoka, kwa kawaida husubiriwa miezi 6 kabla ya kuthibitishwa na ardhi kugawanywa. Kuuza au kugawa mali ya marehemu kabla ya hapo ni kosa, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha hadi mwaka 1.

Safari ijayo ya nyumbani, nenda na nyanya hadi mpakani asubuhi kabla ya jua kali. Rekodi kwa simu anayoyasema. Akiutaja mto uliokwisha kukauka, uandike pia.