Boliti Sugu za Mauntingi: Subira na Mpangilio Wakati wa Kubadilisha Mkanda wa Taimingi



Mada hii inahusu kipande kidogo cha chuma ambacho wengi hawajawahi kukitazama, nacho ni boliti inayoishikilia injini mahali pake. Gari moja likikwama gerejini kwa juma zima, hasara haimwangukii mwenye gari peke yake. Mkulima hukosa chombo cha kupeleka mazao sokoni, abiria husubiri kituoni bila matumaini, na mgonjwa wa usiku hutafutiwa usafiri kwa taabu. Mara nyingi mkanda mpya umekwisha kununuliwa na umelala juu ya meza ya fundi. Kinacholikwamisha gari ni boliti moja iliyokatikia ndani ya injini kwa sababu mtu alikuwa na haraka.

Mkanda wa taimingi ni mkanda wa mpira wenye meno unaounganisha krenkishafti na kamshafti, ili valvu zifunguke na kufunga kwa kupatana na mwendo wa pistoni. Krenkishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Mkanda huu huchakaa hata pale ambapo kwa macho unaonekana mzima. Kwa magari mengi muda wa kuubadilisha hukaribia kilometa 100,000, au idadi fulani ya miaka, lolote litakalotangulia. Kitabu cha gari husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Ukikatika njiani, injini huzimika papo hapo. Kwa baadhi ya injini madhara huishia hapo. Kwa nyingine, hasa za dizeli, pistoni hugonga valvu na kuzipinda, na gharama ya matengenezo huwa mara nyingi zaidi ya bei ya mkanda. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Si kila gari lina mkanda wa aina hii. Injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo katika magari mengi ya IST, hutumia mnyororo. Injini ya 3S-FE, iliyofungwa katika RAV4 za miaka ya 1990, hutumia mkanda. Kwa hiyo mmiliki anapaswa kwanza kuijua injini ya gari lake kabla ya kununua kifaa chochote.

Katika magari ambayo injini imelazwa kwa upana, kama RAV4 hizo, mkanda hukaa ubavuni, karibu na bodi. Upande huohuo ndiko kiliko kishikizo cha injini, ambacho mafundi hukiita mauntingi. Kishikizo hicho ni mpira mnene uliofungwa kati ya vyuma. Kazi yake ni kubeba uzito wa injini na kumeza mtikisiko wake. Mkanda hauwezi kutoka mpaka mauntingi ifunguliwe. Ndiyo maana kazi iliyoanza kama kubadilisha mkanda hugeuka kuwa kazi ya kupambana na boliti.

Boliti hizo huwa sugu kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kutu. Gari lililotumika katika nchi ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, au lililokaa karibu na bahari, huwa limekwisha kunywa chumvi ya kutosha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huijaza hesi na kuibana. Ya pili ni kukutana kwa metali mbili. Boliti ya chuma iliyokazwa ndani ya bamba la aluminiamu, pakiwa na unyevu, huilisha aluminiamu taratibu, na unga mweupe unaotokea hushika kama saruji. Pia boliti ndefu inayopita katika bomba la chuma lililo ndani ya mpira wa mauntingi huweza kushikana na bomba hilo. Fundi akivuta spana, boliti hugeuka kidogo pamoja na mpira, kisha hurudi ilipokuwa kama springi.

Sababu ya tatu ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ni uzito. Injini ikiwa imeiegemea boliti, boliti hubanwa pembeni na kukataa kuzunguka au kutoka, hata kama haina kutu hata chembe. Katika hali hiyo nguvu ya mkono haisaidii kitu. Kinachosaidia ni kuipandisha au kuishusha injini kwa jeki milimita chache, huku fundi akiijaribu boliti kwa vidole, mpaka ilegee. Magari mengine hudai hatua hiyo kwa sababu nyingine: kichwa cha boliti hugota kwenye bodi kabla boliti haijatoka yote, na haipati njia mpaka injini ipande au ishuke.

Kabla ya yote hayo, usalama hutangulia. Injini iwe imepoa, na waya hasi wa betri uwe umefunguliwa. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari, na gari lisimame juu ya stendi za chuma. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Injini nayo iwe na egemeo lake lenyewe kabla boliti ya kwanza haijaguswa. Jeki ikitumika chini ya sampu ya oili, kati yake na sampu pawekwe kipande kipana cha mbao. Bila mbao, sampu hubonyea, na inaweza kuigusa au kuiziba njia ya kufyonzea oili. Injini itakayowashwa baadaye huweza kufa kwa kiu ya oili. Alama za taimingi zipangwe mahali pake kabla mkanda haujatolewa, na baada ya hapo shafti zisizungushwe ovyo.

Kazi ya kuilegeza boliti ina mpangilio wake. Hatua ya kwanza ni kuzisafisha nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya, kisha kutia mafuta ya kulegeza kutu. Mafuta yatiwe pande zote mbili ikiwezekana, kwa maana yakitiwa kichwani tu, mara nyingi hayafiki penye hesi. Kisha yaachwe yafanye kazi. Nusu saa ni kidogo. Usiku mzima, kwa kurudia mara mbili au tatu, ni bora. Mwenye gari anayesimama juu ya kichwa cha fundi akidai gari jioni hiyohiyo ndiye anayeununua msiba wake mwenyewe.

Hatua ya pili ni soketi. Itumike soketi ya pembe sita inayoenea sawasawa, ambayo kwa Toyota nyingi huwa ya milimita 14 au 17. Soketi ya pembe kumi na mbili, au spana iliyolegea, hukiviringisha kichwa cha boliti, na kuanzia hapo kazi huwa ngumu maradufu. Kichwa kipigwe nyundo mapigo mafupi yaliyonyooka ili kuitikisa kutu. Ndipo mpini mrefu utumike, kwa mvuto wa taratibu unaoongezeka. Boliti ikikubali robo ya mzunguko, irudishwe nyuma kidogo, iongezewe mafuta, isogezwe tena. Kwenda na kurudi huko huusaga uchafu badala ya kuulundika mbele ya hesi.

Hatua ya tatu ni joto, na inataka tahadhari kubwa. Nati au chuma kinachoizunguka boliti kikipashwa joto hutanuka na kuachia. Hata hivyo, moto usikaribie mpira wa mauntingi, mabomba ya mafuta, mabomba ya gesi ya kiyoyozi, wala mkanda wenyewe. Mafuta ya kulegeza kutu hushika moto, hivyo yafutwe kabisa kwanza. Kizimamoto kiwe karibu, na macho yalindwe kwa miwani ya kazi. Mahali ambapo moto hauwezi kutumika kwa usalama, ni heri kusubiri siku ya pili kuliko kulichoma gari la mtu.

Boliti ikianza kugeuka laini kama mpira bila kulegea, hiyo ni dalili kwamba chuma kinajinyonga na kinakaribia kukatika, au kwamba mpira wa mauntingi unageuka pamoja nayo. Hapo fundi asimame na achunguze. Ikiwa boliti imeshikana na bomba la mauntingi, mara nyingi ni nafuu kuikata na kununua mauntingi mpya kuliko kuendelea kupigana. Ikiwa imekatikia ndani ya injini, kitoboleo kianze katikati kabisa, na kazi ipelekwe kwa mwenye vifaa vya kutolea vipande au karakana ya kukereza vyuma. Tundu lililotobolewa upande huharibu hesi ya injini yenyewe.

Kufunga nako kuna heshima yake. Hesi zisafishwe, na boliti yenye kutu nzito, iliyonyooka kupita kiasi au yenye kichwa kilichoviringika itupwe. Boliti zote zianzishwe kwa vidole kabla yoyote haijakazwa. Injini irejeshwe mahali pake, ndipo ukazaji wa mwisho ufanyike kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Hesi isipakwe oili isipokuwa kitabu kimeagiza, kwa sababu oili hufanya boliti ivutike zaidi kwa nguvu ileile. Mwisho, krenkishafti izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama za taimingi zikaguliwe upya. Ikigota, isilazimishwe. Baada ya hapo tu ndipo ufunguo uwashwe.

Wajibu katika jambo hili umegawanyika. Mwenye gari anapaswa kuupanga muda wa kazi kabla mkanda haujakatika, kumpa fundi siku ya ziada, na kukubali kulipia boliti mpya. Fundi anapaswa kusema mapema kwamba boliti ni mbovu, kabla hajaigusa, ili makubaliano yafanyike kwa uwazi na pasitokee lawama baadaye.

Kwa upande wa huduma, fundi aliyejifunza kazi gerejini bila cheti anaweza kuomba kurasimishiwa ujuzi wake kupitia VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vikundi vya mafundi vinavyohitaji stendi, jeki au spana za kupimia nguvu vinaweza kuulizia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Ofisi ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiyo mahali pa kuanzia.

Boliti ya mauntingi haina thamani kubwa dukani. Lakini ikikatika vibaya, huweza kuyala mapato ya mwezi mzima, na jeki ikiteleza huweza kuuchukua mkono wa kijana. Saa chache za kusubiri mafuta yapenye ni bei ndogo mno kwa kulinganisha na hasara hizo.