Ahadi ya 1962: Dola na Mfanyakazi Aliyeng'olewa na Bidhaa za Nje



Mwaka 1962 Rais John Kennedy aliliomba Bunge la Marekani mamlaka makubwa ya kujadiliana na nchi nyingine ili ushuru wa forodha upunguzwe. Alijua faida ya bidhaa rahisi ingesambaa nchi nzima, na hasara ingewaangukia watu wachache katika miji michache. Ndipo Sheria ya Upanuzi wa Biashara ya mwaka huo ikaweka ahadi: atakayekosa kazi kwa uamuzi huu wa taifa atapewa posho na kusomeshwa kazi nyingine. David McDonald, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa chuma, alikuwa amelipendekeza wazo hilo tangu 1954. Mimi mpango huu nauhesabu kuwa deni, kwa sababu wafanyakazi waliombwa waridhie milango ifunguliwe, nao wakaridhia kwa kutegemea ahadi hiyo.

Deni lenyewe lilikuwa gumu kudai. Mfanyakazi alitakiwa athibitishe kwamba punguzo la ushuru ndilo sababu kuu ya bidhaa za nje kuongezeka, kisha athibitishe kwamba bidhaa hizo ndizo sababu kuu ya yeye kuachishwa kazi. Hadi kufika 1969 hakuna kundi hata moja la wafanyakazi lililovuka kizingiti hicho. Vyama vya wafanyakazi vikaubandika mpango huo jina la bima ya mazishi. Mwaka 1974 Bunge lililegeza masharti: ikatosha kuonyesha kwamba bidhaa za nje zimechangia kwa kiasi kikubwa. Magari ya Japani yalipovibana viwanda vya magari vya Detroit, malipo ya mwaka 1980 yalipita dola bilioni 1, na mwaka uliofuata Serikali ya Rais Reagan ikaubana tena mpango.

Tufike Kannapolis, North Carolina, mji uliojengwa na kiwanda cha taulo na shuka cha ukoo wa Cannon mwanzoni mwa karne iliyopita. Tarehe 30 Julai 2003 mmiliki wake wa mwisho, kampuni ya Pillowtex, alifunga milango, na zaidi ya watu 4,000 wa jimbo hilo wakabaki bila kazi kwa mpigo. Hawa walikubaliwa kwenye mpango. Sheria ya 2002 iliwapa posho hadi wiki 104 wakiwa masomoni, wiki 26 zaidi kwa waliohitaji masomo ya msingi, na nafuu ya asilimia 65 ya gharama ya bima ya afya. Kwenye karatasi ni ukarimu. Lakini wengi wao hawakuwa wamemaliza sekondari. Waliingia kiwandani wangali vijana kwa sababu kiwanda hakikuuliza cheti. Sasa mama wa miaka 55, aliyezoea cherehani tangu usichana wake, anaambiwa aanze na hesabu na kusoma, tena ajiandikishe kabla ya muda wa wiki chache kwisha, la sivyo posho inampita. Baadaye kiwanda kilibomolewa, na bilionea David Murdock akajenga hapo kituo cha utafiti wa lishe na sayansi ya viumbe. Kazi zilirudi Kannapolis, ila zilidai shahada.

Je, msaada wenyewe ulifaa kitu? Mchumi Benjamin Hyman alipata njia ya werevu ya kulijibu swali hili. Maombi yote yalipitia kwa wachunguzi wa Wizara ya Kazi, na walikuwapo wachunguzi wepesi wa kukubali na wengine wagumu. Akalinganisha waliobahatika na wasiobahatika, akakuta waliokubaliwa walipata takriban dola 50,000 zaidi kwa jumla katika miaka kumi, ingawa pengo la mapato lilizidi kupungua miaka ikienda. Wanataaluma wenzangu huinukuu tarakimu hiyo kwa furaha. Mimi ninachokiona zaidi ni njia aliyoitumia: utafiti huo uliwezekana kwa sababu haki ya mfanyakazi ilitegemea faili lake limeangukia meza ya nani.

Wengi hata hawakufika kwenye meza hiyo. Wachumi Autor, Dorn na Hanson walionyesha mwaka 2013 kwamba katika maeneo yaliyopigwa zaidi na bidhaa za China, malipo ya ulemavu yaliongezeka kuliko ya mpango huu kwa mbali. Mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kutafuta kazi huenda kwa daktari.

Hoja yangu basi ni kwamba swali la chanzo lifutwe. Roboti, kiwanda kuhamia kwingine, meli ya makontena: kodi ya nyumba hailipiki kwa kujua ni kipi kati ya hivyo kilichomfukuza mtu. Umoja wa Ulaya umekwisha kuelekea huko. Mfuko wake wa kuwasaidia walioathiriwa na utandawazi, ulioanzishwa 2006, ulidai kwanza ushahidi wa mabadiliko ya biashara ya dunia. Tangu 2021 waajiriwa 200 walioachishwa wanatosha, kwa sababu yoyote ya kiuchumi. Na kwa wenye umri mkubwa ningeweka mbele bima ya mshahara, ambayo Marekani yenyewe iliijaribu: aliyetimiza miaka 50 akipata kazi ya ujira mdogo, alifidiwa nusu ya pengo hadi dola 10,000 kwa miaka miwili.

Mtasema hayo ni ya matajiri. Lakini mgao wa biashara ya nguo duniani, uliozibana nchi shindani, ulipofutwa Januari 2005, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo nchini Kenya, walioshona kwa soko hilohilo la Marekani, walipoteza kazi bila ofisi ya kupeleka ombi.

Na sasa Mmarekani naye hana. Bunge halikuongeza muda wa mpango, na tangu tarehe 1 Julai 2022 Wizara ya Kazi hairuhusiwi kuidhinisha kundi jipya. Waliokubaliwa kabla ya hapo wanaendelea kuhudumiwa hadi haki zao ziishe. Ushuru, kwa upande wake, umerudi kwa kishindo, na wanasiasa wa vyama vyote viwili wanamwambia mfanyakazi kwamba huo ndio utakaomlinda.