Anzia kwenye tochi iliyozima

Vijana wanatuuliza: kutengeneza roboti tuanzie wapi?

Kijana, anzia kwenye tochi iliyozima, ile inayowaacha wazazi gizani. Betri mbili za volti 1.5 zinatoa volti 3 tu, hazitakupiga shoti. Umeme wa ukutani, volti 230, usiuguse bado. Azima mita ya fundi, upime betri, kisha springi, kisha swichi. Mara nyingi ni kutu tu! Ikiwaka, fungua redio ya betri. Hata zile roboti tano zilizoletwa Kigali Mei 2020 kuhudumia wagonjwa wa korona zilitembea kwa betri.

Betri ya simu iliyovimba iache. Ikitobolewa hushika moto.