Somo la Kiingereza: Gunia Lisiloonekana

Chukua daftari, tuanze.

Tajiri wako wa kazi akisema, "You will get the sack," usingojee gunia, ingawa "sack" ni gunia. Maana yake, utafukuzwa kazi. Usishangae. Sisi nasi husema fulani amemwaga unga, wala hakuna unga uliomwagika.

Sasa sikiliza maneno ya upole: "We must let you go." Usidhani umepewa ruhusa ya kwenda nyumbani, kesho urudi. Umeachishwa kazi! Kabla ya kutia sahihi karatasi yo yote, uliza habari ya mshahara wako uliobaki.

Sema pamoja nami: "Get the sack." "Let you go." Vizuri. Kwa heri.