Dawa ikibadilishwa, iandikwe
(Mazungumzo mbele ya wanamemba wa chama, Baraka)

Kamati iliniomba niseme juu ya jambo moja tu: dawa zinazotoka kwenye famasi tofauti na zile zilizoandikwa kwenye ordonansi. Najua jambo hili limeleta maneno. Kwenye mkutano uliopita ndugu yetu mmoja alisimama na ordonansi mkono huu, faktire mkono ule, akauliza: "Hapa waliandika hii, huku chama kimelipa ingine. Sasa hiyo tofauti ilienda wapi?" Swali lake ni la haki. Wafadhili nao wameuliza hivyo hivyo kwa barua. Wao wametumia adabu nyingi zaidi, lakini swali ni lile lile.

Kabla hatujamwita mtu mwizi, tuangalie kwanza dawa inabadilika namna gani.

Tuanze na malaria, juu ndiyo tunayoijua wote. Katika inchi yetu dawa za kwanza za malaria ya kawaida ni zaidi ya moja. Kuna artemether pamoja na lumefantrine, kuna artesunate pamoja na amodiaquine. Muganga anaandika ile ya kwanza, mama anafika famasi, anaambiwa: "Mama, ile imekwisha, lakini iko hii ingine, inaponya vilevile." Na ni kweli, zote mbili ni dawa za siku tatu. Lakini ile ya kwanza inamezwa mara mbili kwa siku, tena pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Ile ya pili inamezwa mara moja kwa siku. Mama huyu kichwani amebeba neno la muganga: asubuhi na jioni. Kama hakuna aliyemueleza wala kumuandikia, mtoto atapewa mara mbili ya kipimo. Hakuna aliyeiba hapo. Dawa ni nzuri, ugonjwa ni ule ule, na mtoto bado ameumizwa.

Amoxicilline ya maji ni vilevile. Kuna chupa yenye miligramu 125 kwa kila mililita 5, na kuna yenye 250. Chupa zinafanana kama mapacha. Ikitoka ya 250 mahali pa ya 125, kijiko lazima kipunguzwe nusu. Nani ameandika kwamba kimepunguzwa?

Tena kuna jambo letu sisi tuliorudi, ambalo mtu ambaye hakukimbia hawezi kulifikiria. Wengi tulitoka Nyarugusu na Lugufu na makaratasi ya hospitali yaliyoandikwa Kiingereza: o.d. ni mara moja kwa siku, b.d. mara mbili, t.d.s. mara tatu. Waganga wetu hapa wamesoma Kifaransa. Tanzania wakiandika 1 x 3, kawaida wanataka kusema kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Hapa kwetu wengi wanaanza na mara, halafu vidonge, kwa hiyo 1 x 3 inasomwa mara moja, vidonge vitatu. Hesabu ya siku ni ile ile, lakini mtu anameza vyote vitatu kwa mkupuo mmoja. Kwa dawa ya presha au ya sukari, hilo si jambo la kucheka.

Hayo ni ya kubadilisha. Kuendeleza dawa ni kitu kingine. Mgonjwa wa presha, wa sukari au wa kifafa anameza dawa miezi na miaka. Ordonansi yake inakwisha, dawa ziko pale famasi, lakini karatasi haiko. Mtu anaambiwa arudi hospitali. Mara nyingine pesa ya moto kwenda na kurudi inapita bei ya dawa yenyewe, basi anakaa nyumbani. Kwa kifafa hii ni hatari kubwa: mtu aliyezoea phénobarbital akiiacha gafula, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko mbele. Wote tunajua mtu mwenye kifafa anavyoanguka karibu na moto wa jiko au karibu na maji ya ziwa. Kwa hiyo anayesema "famasi isibadilishe wala isiendeleze kitu, ifuate karatasi tu" anasema neno safi, lakini kuna wagonjwa watakaolipa usafi huo.

Inchi zingine zimeshughulikia jambo hili. Ninachukua Kanada juu baadhi ya ndugu zetu walipelekwa kule kutoka kambini. Jimbo la Alberta liliwapa wafamasia ruhusa ya kurekebisha na kuendeleza ordonansi mwaka 2007. Québec, ambako wanasema Kifaransa kama sisi ofisini, walianza mwaka 2015. British Columbia walikuwa tangu 1995 na mtandao unaounganisha famasi za jimbo, kwa hiyo mfamasia wa mji mmoja anaona dawa zilizotoka mji mwingine. Kule mfamasia akibadilisha dawa hatakiwi kunyamaza. Anaandika dawa ya kwanza ilikuwa nini, ya sasa ni nini, sababu gani, na mgonjwa amekubali. Halafu anamjulisha docta aliyeandika. Programu ya famasi imetengenezewa nafasi ya kuandika hayo.

Kitu ninachokipenda kwenye programu nzuri za namna hiyo ni kwamba hazifuti. OpenMRS, kwa mfano, ni programu ya bure inayotumiwa kwenye hospitali nyingi za Afrika. Ndani yake agizo la dawa likirekebishwa, la zamani linabaki palepale, na jipya linafungwa nalo kwa kamba: hili lilitoka kwa lile. Kuna neno lake la kurekebisha, la kuendeleza na la kusimamisha. Mtu akiuliza mwaka ujao, anafuata kamba kurudi nyuma mpaka karatasi ya kwanza. Linganisha na kaye zetu ambamo mstari umekatwa kwa biki na mwingine kuandikwa juu yake. Hapo hata mwenye kuandika hajui tena alitaka kusema nini.

Lakini tusidanganyane. Kule Kanada anayebadilisha ni mfamasia aliyesoma universite miaka mingi, na sheria inamjua. Kwetu, nyuma ya meza ya famasi mara nyingi iko muganga wa kawaida, au kijana aliyefundishwa na shangazi yake. Programu haimpi mtu elimu, na kuandika si ruhusa. Ukiandika vizuri jambo usilokuwa na haki ya kulifanya, umeandika kosa lako vizuri, basi. Ndiyo maana sipendekezi tuige Kanada. Ninapendekeza kamati iende kwa wakubwa wa zone ya afya, iombe karatasi iliyosainiwa: mabadiliko gani famasi yetu inaruhusiwa kufanya yenyewe (vidonge viwili vya 5 mahali pa kimoja cha 10, kwa dawa ile ile, hapo sioni shida), yapi lazima ipige simu kwanza, na yapi hapana kabisa. Kubadilisha dawa moja ya presha kwa dawa ya jamii nyingine kabisa, hilo kwangu ni la docta. Kuendeleza kuwe kwa muda mfupi, kwa wagonjwa wanaojulikana, na presha ipimwe kwanza pale pale.

Sasa mashine. Nimesikia kuna mfadhili aliye tayari kununua kompyuta na paneli ya jua. Tumshukuru, na tumuombe asubiri miezi mitatu. Najua wengine hapa hawatafurahi kusikia hivyo. Lakini mtu asiyeandika kwenye kaye hataandika kwenye kompyuta, atakuwa tu na kitu cha bei zaidi cha kutokuandika ndani. Tuanze na kaye yenye safu zile zile ambazo programu itauliza: namba, tarehe, dawa ya kwanza, dawa iliyotoka, sababu, nani amebadilisha, nani amejulishwa na saa gani, na mgonjwa amekubali. Namba hiyo iandikwe pia kwenye faktire. Siku ndugu yetu atasimama tena na makaratasi mawili, mhasibu atafungua kaye kwenye namba ile na kumsomea. Kama mstari hauko, basi tutakuwa na kitu cha kuuliza, na tutajua wa kumuuliza.

Tukifika kwenye programu, ifanye kazi bila mtandao, juu mtandao wetu mnaujua. Kila mtu awe na neno lake la siri. Hii tabia ya ofisi nzima kutumia neno moja lililobandikwa ukutani inaua maana yote, kwa sababu safu ya "nani amebadilisha" itasema kila siku jina la mtu mmoja. Na kopi ya maandishi ikae nje ya nyumba ile, mashine zinaibiwa na sisi tumeshakimbia zaidi ya mara moja.

Neno langu kwa wafadhili. Mna haki ya kujua ni mara ngapi dawa ilibadilishwa, kwa sababu gani, na bei ilipanda au ilishuka kiasi gani. Majina hamna haki nayo, na naamini hamyataki. Kuondoa jina peke yake hakutoshi. Ukiandika "mwanamke, miaka 34, kijiji fulani, dawa fulani," hapa kwetu watu wote wamemjua kabla hujamaliza kusoma. Kuna dawa ambazo jina lake tu linataja ugonjwa. Ripoti iwe ya hesabu ya jumla, na kaye yenyewe ifungiwe kwenye sanduku la famasi. Hata presida, kwa heshima yote, asiifungue bila muganga kuwepo.

Kaye mbili zimekwisha kuchorwa safu, ziko kwa sekretere. Wale mliobaki na makaratasi ya hospitali ya Tanzania, yaleteni siku ya Jumamosi pamoja na maboksi ya dawa mnazomeza sasa, hata kama ni tupu. Tutakaa na muganga, tutayasoma moja moja, na kila dawa itaandikwa upya kwa maneno kamili: kidonge kimoja, asubuhi, mchana na jioni. Atakayeshindwa kufika, atume boksi kwa jirani.